Boti Iliyonyweshwa

Ukiletewa boti ya faiba ya zamani, usiisogelee na grinda. Isogelee na bisibisi, tena uishike upande wa chuma ili ugonge kwa mpini. Anza mbele. Gonga polepole kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, uteremke kuelekea nyuma huku ukisikiliza. Faiba nzima inajibu kavu na fupi, kama kikombe cha udongo. Faiba iliyooza ndani inajibu kama godoro. Kila unaposikia godoro, weka alama ya chaki. Ukimaliza, simama kando uitazame. Kama chaki imezidi rangi, kusanya vifaa vyako uende nyumbani.

Nilifundishwa hivyo, na wengine nimewafundisha hivyo hivyo. Kugonga ni rahisi. Kwenda nyumbani ndiko kugumu, kwa sababu boti haiji peke yake. Inakuja na watu, na watu hao wanasimama pembeni wakikutazama mdomo.

Siku hizi sifanyi kazi. Vumbi la kioo limehamia kifuani mwangu kama mpangaji asiyetaka kuhama, na nikianza kukohoa alfajiri jirani yangu anajua ni wakati wa kuwasha jiko. Nyinyi mnaojifunza kazi hii hapa Kisumu, mnaotengeneza matangi ya maji na bampa za magari, mnapita kibarazani kwangu mkisema, "Mzee Saidi, tupe stori." Basi leo nawaandikia moja. Kuna mahali mtacheka, lakini msizoee.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, na karo haikuwa shida. Nilikuwa natoka nyumbani Kaloleni asubuhi, nikapita karakana ya Bi Zuhura, nikamwona ametandaza kitambaa chepesi cheupe juu ya umbo la bafu, anakipaka kitu kama asali. Kabla sijamaliza kula andazi langu, kitambaa kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Ingia ndani ufunge mlango, unaniletea vumbi." Nikaingia. Nilipotoka nilikuwa nimeota ndevu.

Bi Zuhura alikuwa mtu wetu wa mjini: baba yake alikuja na reli kutoka pwani, mama yake Mluo wa Kano. Alitukana kwa lugha mbili na kusali kwa ya tatu. Kile kitambaa cha nyuzi za kioo tunakiita mati. Ile asali ni rezini, na viwili hivyo vikigandana pamoja ndiyo faiba. Kuna dawa inayoifanya rezini igande, inaitwa hadena, na hadena ndiyo inayotofautisha fundi na mwenda wazimu. Unaweka kidogo sana, na jua likiwa kali unaweka kidogo zaidi. Tulikuwa na mwenzetu, Wafula, aliyeiweka kwa macho, kama mpishi anavyotia chumvi. Siku moja ya joto alimimina, akakoroga, halafu akaanza kubishana na muuza chai juu ya mpira. Alipogeuka, kopo lilikuwa linafuka moshi. "Moto! Moto jamani!" akapiga kelele, akalitupa nje, sisi wote mbio. Bi Zuhura hakuinuka hata kwenye kigoda. Kopo lilipopoa, brashi ilikuwa imesimama wima katikati ya rezini kama mti uliopandwa. Akalitundika mlangoni. Mteja akiuliza kile ni nini, alijibiwa, "Huyo ni Wafula, salimiana naye."

Jambo jingine mlishike kabla sijasahau. Nyuzi zikikuingia kwenye ngozi, oga maji baridi. Maji ya moto yanafungua ngozi na kuzikaribisha ndani. Wala usifute mikono kwa leso ya mke wako. Mimi ndoa yangu ya kwanza iliishia hapo hapo, ingawa yeye alitaja sababu nyingine.

Kazi hii imenizungusha ziwa zima. Nikishaelewa kitu kinafanyaje kazi, miguu inaanza kuniwasha kuliko nyuzi. Usenge nilikaa nikiziba boti katikati ya dagaa za omena zilizoanikwa, ndege wakinipiga chapa mgongoni. Sondu nilikwenda kutengeneza tangi moja tu, nikabaki mpaka nikajua kuchoma matofali. Mwanza niliona boti za faiba zikitolewa kwenye umbo moja, moja baada ya nyingine, zote sawa kama mikate, nikasimama pale kama mtu aliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza. Kila nilipofika nilijifunza kitu. Na kila nilipofika niliwakuta wavuvi waliolelewa na boti za mbao.

Hapa nataka msome taratibu. Boti ya mbao ikikaa juani, mbao zinasinyaa, nafasi zinafunguka, maji yanapita. Dawa yake ni kuinywesha. Unaisukuma mpaka maji ya magotini, unaijaza mawe, unaizamisha. Unaiacha hapo siku kadhaa. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana. Ukitoa mawe inaelea ikiwa imepona. Kila mvuvi wa upande wetu anajua hilo, na hata watoto wanaocheza ufukweni wanalijua. Kwa boti ya mbao ni utunzaji mzuri kabisa, na mtu asiyeinywesha boti yake anaitwa mvivu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Akinyi alinipigia simu wakati kikohozi kilikuwa kimeshaanza.

"Wewe ndiye Fundi Saidi wa faiba?"

"Ndiyo mimi, Mama."

"Kuja Asembo Bay. Tuko na boti."

Nikamwambia nimestaafu. Akasema, "Sawa, staafu ukimaliza," akakata simu. Nikaenda. Nilikuwa nimeona boti nyingi, lakini sikuwa nimesikia mwanamke akisema *tuko na boti*.

Nyinyi wa mjini mnamwona samaki akiwa kwenye sufuria. Hamjui amepitia wapi. Asubuhi boti zinapoingia kule bichi, ufukweni, samaki ni wachache kuliko wanawake wanaowasubiri na mabeseni. Mwenye boti ndiye anayechagua atamuuzia nani. Basi mwanamke anayetaka uhakika wa samaki inambidi awe na mvuvi wake, na huyo mvuvi hataki pesa peke yake, anataka na usiku wake. Wenyewe wanaita jaboya. Hakuna asiyejua, na hakuna anayelitamka siku ya Jumapili.

Akinyi alikuwa mjane mwenye watoto, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokaanga na kuuza samaki. Aliniambia mambo haya siku ya kwanza, tukiwa tumesimama kando ya boti, kwa sauti ile ile ambayo mtu anakutajia ukubwa wa injini.

"Fundi, samaki wa hapa tunamlipia mara mbili. Pesa ni mara moja tu. Hii boti ikiingia kwa maji, tutalipa mara moja kama watu wengine."

Nikaitazama boti. Ilikuwa ndefu, pana tumboni, rangi ya samawati iliyopauka. Iliachwa na mradi fulani wa zamani, mradi uliokuja, ukaivisha maua, ukapiga picha, ukaondoka. Injini yake ya kwanza ilikuwa ile ya kuchanganya petroli na oili, nyepesi, yenye kelele, nayo ilishakufa zamani. Sasa wafadhili wengine walikuwa wamewapa akina mama injini mpya, ya kisasa, kubwa. Ilikuwa bado ndani ya sanduku lake sebuleni kwa Akinyi, na watoto walikuwa wanaandikia homuweki juu yake.

Mlinzi wa boti alikuwa Mzee Ogola, baba wa marehemu mume wa Akinyi. Alikuwa mvuvi mpaka macho yalipopungua nguvu. Miaka yote ile boti ilipolala yeye ndiye aliyeitunza: aliiosha, aliifunika kwa mafunjo, aliwafukuza mbuzi. Alinipokea kwa kunishika mkono muda mrefu, huku mkono wake mwingine ukiwa juu ya boti, kama anayenitambulisha kwa binti yake.

Nikaanza kugonga. Mbele ilijibu vizuri. Katikati ilisitasita. Nilipofika nyuma, kwenye ule ukuta unaobeba injini, ambao sisi tunauita kibao, nikasikia godoro tupu.

"Inasemaje?" Akinyi akauliza.

"Mbele ni nzuri. Nyuma imeoza."

"Kwani plastiki inaoza?"

"Faiba haiozi, Mama. Lakini ndani ya kibao kuna plaiwudi, imefunikwa na faiba pande zote. Hiyo ndiyo imeoza."

Mzee Ogola akanijia juu. "Wewe unaongea nini? Hii haiwezi oza. Nimeichunga kama ng'ombe wa mahari!"

"Mzee, sijasema hukuichunga."

"Basi gonga tena. Gonga vizuri!"

Nikagonga tena. Akainamisha sikio, hakuniambia nigonge tena. Wavuvi wa zamani wana masikio.

Pembeni, juu ya mdomo wa boti yake ya mbao, alikuwa ameketi Ochieng', mwenye boti nyingi kuliko wote pale bichi. Alikuwa anatafuna muwa na kututazama kama watu wanaotazama sinema. "Mama Chairlady," akaita, "boti yenu inaumwa tumbo? Nikuwekee samaki wako kando?"

"Weka mdomo wako kando," Akinyi akamjibu bila kugeuka.

Wenzake wakaangua kicheko. Ochieng' pia akacheka. "Mtarudi tu," akasema, akatema kapi la muwa.

Nikachukua drili, nikatoboa tundu dogo chini kabisa, ambapo sakafu ya boti inakutana na kibao. Maji yakatoka. Sikushangaa, nilitegemea kikombe kimoja au viwili. Akinyi akaleta beseni lake la samaki, lile kubwa la aluminiamu, akalitega chini. Tukakaa tukizungumza. Beseni likajaa. Akalimwaga, akalirudisha. Kesho yake asubuhi lilikuwa limejaa tena na sakafu bado inatiririka. Nami nilidhani boti ilikuwa nchi kavu miaka yote ile.

Chini ya sakafu ya boti kama hizi kuna povu gumu la manjano, linawekwa ili boti isizame hata ikijaa maji. Povu hilo halikuwekwa likae ndani ya maji. Likikaa humo muda mrefu, linakunywa, na likishakunywa halitapiki. Nikamuuliza Mzee Ogola kama boti ilipata kuzama.

"Kuzama? Hapana!" akasema. Halafu akatabasamu kwa fahari. "Ila nilikuwa nainywesha."

Beseni lilikuwa linadondokewa: to, to, to.

"Unainywesha vipi, Baba?" Akinyi akauliza polepole.

"Si vile tunanywesha boti? Kila kiangazi, jua likizidi. Naogopa ipasuke. Na hii ilikuwa kichwa ngumu, Fundi! Ilikuwa inakataa kuzama. Ya mbao unaweka mawe kidogo inatii. Hii niliweka mawe, ikakataa. Nikaongeza, ikakataa. Niliita vijana tukajaza mawe mpaka ikakubali." Akacheka. "Na ikikubali, naiacha mwezi mzima."

Vijana, kuna kicheko kinachokuja mpaka kooni kikageuka kitu kingine. Kilichokuwa kikikataa kuzama ni lile povu, likifanya kazi yake. Mzee wa watu aliishinda kwa mawe, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu aliipenda. Nikafungua mdomo nimweleze. Akinyi akanipiga jicho, nikaufunga.

"Umefanya vizuri, Baba," akamwambia. "Nenda ukae kivulini."

Tulikata sakafu yote. Wanawake walikuja baada ya soko, na vijiko, visu vya samaki na vifuu vya nazi vilivyotoka sijui wapi, wakaingia tumboni mwa boti wakaanza kuchimba lile povu. Lilikuwa limelowa, la manjano, linanuka.

"Hii ni ugali ya nani imelala hivi?" mmoja akauliza.

"Ya mama mkwe wako!"

"Basi ile, tunakulaga kila Krismasi."

Walicheka mpaka boti ikatikisika. Sijapata kufanya kazi na wasaidizi wazuri kama wale. Rundo la povu lilipanda mchangani, na kila aliyepita alilipiga teke akidhani litaruka, likamuumiza kidole.

Kibao nilikitengeneza upya. Andikeni haya. Ukitoa plaiwudi iliyooza, toa kwa ndani. Ngozi ya nje ya faiba iache, ndiyo itakuwa umbo lako. Bandika plaiwudi mpya safu kwa safu. Kila ukingo upake rezini, hata usioonekana, hasa usioonekana. Maji hayaingii kwenye boti kwa mlango mkubwa, yanaingia kwenye matundu ya bolti. Kwa hiyo toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze rezini nzito, liache likauke, halafu ndipo utoboe tundu lenyewe katikati. Bolti yako itakaa ndani ya rezini, mbao hazitajua kama kuna maji duniani. Nilifanya kazi hiyo asubuhi tu, kabla jua halijachachamaa, na kila nilipotia hadena nilimkumbuka Wafula.

Povu jipya hatukuwa nalo. Akina mama walileta mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia, nikaziba vifuniko kwa rezini, nikaipanga chini ya sakafu na kuifunga isicheze. Inaelea vizuri kuliko povu, na haina kiu.

Lakini ngozi yenyewe, ule ubavu wa boti ulioanzia katikati kurudi nyuma, ulikuwa na malengelenge. Nilipoyatoboa yalitoa maji yenye harufu ya siki. Mkinusa harufu hiyo siku moja, jueni faiba yenyewe imekunywa, nyuzi na rezini zimeanza kuachana. Inasimama, ina rangi, lakini ni laini. Dawa yake ni kuivua yote na kuivika upya, na hiyo si kutengeneza, ni kujenga boti mpya ndani ya ile ya zamani. Rezini iliyobaki ilikuwa kidogo tu, kwenye kitako cha kopo.

Nikamwita Akinyi, nikamwambia mbele ya wenzake wote.

"Kibao ni kipya na kigumu. Injini ni nzito. Nyuma haitapinda, lakini hapa katikati patapinda. Mkikimbia na injini hii kwenye mawimbi, itakatika pale kipya kinapokutana na cha zamani. Tafuteni injini ndogo, mkae karibu na ufuko, itawafaa miaka mingi."

"Karibu kuna nini, Fundi?"

Nikatazama. Karibu kulikuwa na magugu maji, zulia la kijani hadi kwenye ncha ya rasi, na nyuma ya magugu vizimba vya samaki vya watu wengine, vyenye walinzi.

"Mbuta, samaki wa pesa, ako mbali," Akinyi akasema. "Uvuvi wa karibu tunaujua. Ule wa karibu ni wa akina Ochieng'. Tukikaa karibu tunakaa kwao."

"Nimekwambia ninachokiona, Mama."

"Na mimi nimekwambia ninachokiona."

Rezini iliyobaki niliiweka yote pale. Niliitandaza kutoka kwenye kibao kwenda mbele, ikipungua unene kidogo kidogo kama ncha ya ulimi, ili ugumu usiishe ghafla. Ndivyo inavyofanywa. Sikuacha kitu.

Siku ya kuishusha kulikuwa na maombi, nyimbo, na mahubiri marefu kuliko boti. Mzee Ogola aliingia wa kwanza. Nilipowasha injini, akaweka kiganja juu yake, akaniangalia kwa wasiwasi. "Imewaka kweli? Mbona hailii?" Nikamwambia za siku hizi hazilii. "Basi mvuvi atajuaje kama iko hai?" akauliza.

Wakaajiri wavuvi wao, vijana wawili wenye adabu. Na nitawaambia ukweli, ilikwenda. Ilikwenda ikiinua pua, ikiacha mstari mweupe, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka korongo wakaruka. Kwa wiki chache, boti ilipoingia asubuhi, akina mama wa kikundi waliteremka mchangani wakiongea kwa sauti. Sikuwa nimetambua kwamba zamani walikuwa wanateremka kimya. Walipima samaki wao, wakalipa mara moja, wakaondoka. Akinyi alinikaangia kichwa cha mbuta kikubwa kuliko changu. "Kula," akaniambia. "Huyo amelipiwa." Nikala, nikarudi Kisumu nikiwa na furaha ambayo kifua changu hakikuistahimili. Nikalala na homa.

Boti ilikatika mchana, upepo ulipogeuka wakiwa njiani kurudi. Vijana walisema hapakuwa na kishindo kikubwa. Wimbi moja liliinua mbele, jingine likashika nyuma, kukasikika mlio kama wa muwa ukivunjwa. Sehemu ya nyuma ikaachana na boti, ikaenda chini na injini. Mbele ilibaki ikielea juu ya mitungi ya mafuta ya kupikia, na vijana wameng'ang'ania. Boti iliyowaokoa ilikuwa ya Ochieng', yeye mwenyewe akiwemo. Aliwavuta majini, akawavua nguo zilizolowa, akawapa koti lake, akaburuta kilichobaki mpaka bichi. Wanasema hakucheka njia nzima.

Nilirudi kuitazama. Ilikuwa imepasuka pale pale nilipoonyesha kwa kidole, moja kwa moja kama iliyokatwa kwa msumeno. Mitungi iliyobaki ilikuwa mizima, hakuna hata mmoja uliovuja. Na kile kibao, kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani, kiko chini ya ziwa, kimeishika ile injini barabara, kila bolti ndani ya rezini yake, kavu kabisa.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikitafuta pa kuweka kidole. Bi Zuhura alitufundisha kwamba kila kazi iliyoharibika ina mtu wake, ukimpata unatundika kopo lake mlangoni na kazi inaendelea. Hapa simpati. Mzee aliitunza boti kama alivyofundishwa, kwa mikono yake mwenyewe. Akinyi hakudanganyika, alijua hatari na alijua kilichokuwa upande wa pili. Mimi niligonga, nikasikia, nikasema, nikaweka rezini yote. Wafadhili walileta injini nzuri. Rudisheni siku ile nyuma, kila mtu atafanya vile vile, na boti itakatika pale pale. Nyinyi bado wachanga, mnadhani ufundi ukiwa mwingi wa kutosha kila kitu kinatengenezeka. Na mimi nilidhani hivyo mpaka mvi zikaisha kuota.

Siku ile nilimkuta Mzee Ogola anaifunika ile nusu ya boti kwa mafunjo mabichi. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya povu, na mpaka leo sidhani kama ameambiwa. Akanishika mkono.

"Fundi, nauliza tu. Tukiinywesha kidogo, huo ufa hauwezi kujifunga?"

Nikamwambia nitaangalia.

Nikalala bichi kwa jamaa. Asubuhi yake nilikwenda na bisibisi yangu, nikapiga magoti kando ya boti, nikaanza kugonga kuanzia mbele. Sijui nilikuwa natafuta nini. Boti za wavuvi zilikuwa zinaingia. Wanawake walikuwa wanateremka mchangani kimya, mmoja mmoja, na katikati yao nikamwona Akinyi amejifunga leso kiunoni, amebeba lile beseni la aluminiamu.

Ochieng' alikuwa amesimama kwenye boti yake, maji yakimfika magotini. Nilitegemea atasema neno lake. Hakusema. Alimwona, akasogeza watu wengine kwa mkono, akamfanyia nafasi.

"Karibu, Mama," akasema, kwa upole kabisa.

Akinyi alipita karibu nami, nikaacha kugonga. Akasimama bila kunitazama.

"Endelea kugonga, Fundi," akasema. "Gonga, na usiinue kichwa."

Nikainama, nikaendelea kugonga. Niligonga palepale katikati, mahali ambapo nilishajua jibu, mpaka mchanga ukabaki mtupu.